Diwali Mjini Kigali: Sikukuu ya Taa na Sifa za Rama

Mwalimu wa Kiswahili huulizwa mara nyingi darasani tofauti iliyopo kati ya Mhindi na Mhindu. Jibu la msamiati ni fupi: Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi, na Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Jibu la historia ni refu zaidi, kwani katika Afrika ya Mashariki Wahindi wengi ni Waislamu, wakiwamo Waismailia na Mabohora. Wengine ni Makalasinga, na wengine ni Magoa walio Wakristo. Wahindu, hasa wafanyabiashara wao, Waswahili wa pwani waliwaita Mabaniani, na jina hilo limebaki katika methali isemayo, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Methali hiyo hufundishwa shuleni kila mwaka, lakini ni nadra kufundishwa sikukuu ya hao Mabaniani, wala maana yake. Yafaa basi tuitazame, na tuitazame kutoka Kigali.

Richard Kandt aliweka makao ya utawala wa Kijerumani huko Kigali mwaka 1907, na mara biashara ikafuata. Waarabu, Waswahili na Wahindi walifungua maduka, wakauza nguo na kununua ngozi. Fedha iliyotumika ilikuwa rupia, ambayo jina lake lenyewe latoka Bara Hindi, na lugha iliyowaunganisha wageni hao ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1913 msikiti wa Al-Fatah ulijengwa Nyamirambo. Leo jumuiya ya Wahindu nayo ina hekalu lake mjini, na kila mwaka, katika Oktoba au Novemba, usiku ambao mwezi hauonekani, waumini huwasha taa za Diwali.

Jina hilo latokana na neno la Kisanskriti Dipavali, maana yake safu ya taa. Wahindu wengi, hasa wa kaskazini mwa Bara Hindi, husema kwamba taa hizo humkumbuka Rama akirejea katika mji wake wa Ayodhya. Mfalme Dasharatha, baba yake, alikuwa amemwahidi mkewe Kaikeyi kumtimizia maombi mawili. Siku Rama alipokaribia kupewa ufalme, Kaikeyi alidai ahadi yake: mwanawe Bharata atawazwe, na Rama ahamishwe porini kwa miaka 14. Mfalme alilemewa na huzuni, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Rama hakubishana. Aliondoka pamoja na mkewe Sita na ndugu yake Lakshmana, ili ahadi ya baba isivunjike.

Bharata aliporudi na kupata habari, aliukataa ufalme, akamfuata ndugu yake porini kumsihi arejee. Rama alikataa mpaka miaka itimie. Ndipo Bharata alipochukua viatu vya Rama, akaviweka juu ya kiti cha enzi, naye akatawala kwa niaba ya mwenye viatu. Hatusemi kwamba methali yetu imetoka katika hadithi hiyo. Lakini mwalimu aijuaye hataweza tena kukitaja kiatu cha Baniani kwa dharau.

Wahindu humwamini Rama kuwa ni mungu Vishnu aliyejitokeza katika umbo la mwanadamu. Hata hivyo, sifa wanazomtukuzia si nguvu tu zilizomshinda Ravana, mfalme wa Lanka aliyemteka Sita. Humsifu zaidi kwa subira, utii na uaminifu, yaani kwa kushika dharma, ambayo ni wajibu wa mtu kulingana na nafasi yake. Wala tusidhani kuwa sifa hizo hupokewa bila maswali. Sita, baada ya kukombolewa, alilazimika kuthibitisha usafi wake kwa kupita motoni, na Wahindu wenyewe wamejadiliana kwa karne nyingi kama hapo Rama alitenda haki.

Aidha, Diwali haina maana moja tu. Wagujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindu wa Afrika ya Mashariki, humwelekea zaidi Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Mwaka wao huisha siku hiyo; mfanyabiashara hufunga hesabu za zamani, na daftari jipya huombewa baraka kabla ya kuandikwa. Mtu aweza kuona kwamba mambo haya mawili hayahusiani, Rama porini na daftari dukani. Sisi twaona kwamba yakutana katika neno moja, nalo ni ahadi. Rama alilipa ahadi ambayo hakuitoa yeye. Na daftari la duka ni orodha ya ahadi za watu. Hata neno letu hundi, tulilolipokea kutoka lugha za Bara Hindi, si kitu ila ahadi ya malipo iliyoandikwa.

Kigali ni mji unaojua uzito wa hadithi ya mtu aliyehamishwa kwao. Wanyarwanda wengi walikimbia nchi kuanzia mwaka 1959, na maelfu kwa maelfu wakarejea baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, baadhi yao wakiwa na Kiswahili vinywani, walichojifunza ugenini. Hao hawakupokewa na safu za taa kama Rama. Waliikuta nchi iliyojaa msiba. Kwa hiyo hatulinganishi hadithi na maafa. Twasema tu kwamba mkazi wa Kigali hahitaji kufafanuliwa sana kwa nini watu huwasha taa kwa ajili ya arudiye nyumbani.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na walimu wake wana kazi kubwa mbele yao. Katika kazi hiyo methali ya Baniani iendelee kufundishwa, lakini kando yake iwekwe methali nyingine, ambayo Mhindu wa Kigali na Mswahili wa Nyamirambo waweza kuifasiri pamoja bila kumwudhi yeyote: ahadi ni deni.