Cartoon All-Stars to the Rescue

Cartoon All-Stars to the Rescue (maana yake: "Nyota wa Katuni Waja Kuokoa") ni kipindi maalumu cha katuni kutoka nchini Marekani kilichorushwa hewani kwa mara ya kwanza tarehe 21 Aprili 1990. Kipindi hiki cha takriban nusu saa kiliwakusanya wahusika wa katuni mbalimbali zilizopendwa na watoto wakati huo ili kuwaonya watazamaji dhidi ya dawa za kulevya, hasa bangi.

Kinakumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza ni ushirikiano wa makampuni na vituo vya televisheni ambavyo kwa kawaida vilikuwa washindani. La pili ni lugha yake ya mahubiri, ambayo wengi waliokitazama utotoni wameikosoa au kuifanyia mzaha baada ya kukua.

## Historia

Kipindi kilitengenezwa katika miaka ambayo serikali ya Marekani iliendesha kile kilichoitwa "vita dhidi ya dawa za kulevya". Mwaka 1971 Rais Richard Nixon alitangaza kwamba matumizi mabaya ya dawa hizo ni adui namba moja wa umma. Katika miaka ya 1980 Nancy Reagan, mke wa Rais Ronald Reagan, aliongoza kampeni ya kuwataka watoto waseme "hapana" wanapopewa dawa. Tarehe 5 Septemba 1989 Rais George H. W. Bush alilihutubia taifa kupitia televisheni huku ameshika mfuko wa kokeini ya kuvuta ijulikanayo kama crack.

Katuni nazo zilikuwa na desturi ya kufundisha maadili. Vipindi kama *He-Man and the Masters of the Universe* (1983–1985) vilimalizika kwa mhusika kuwaeleza watoto funzo la siku hiyo. Tofauti ya *Cartoon All-Stars to the Rescue* ni kwamba funzo halikuja mwishoni tu, bali lilikuwa ndiyo hadithi yenyewe.

Gharama zililipiwa na mfuko wa hisani wa watoto wa kampuni ya McDonald's. Kazi hiyo ilisimamiwa na taasisi ya Chuo cha Sanaa na Sayansi za Televisheni, ambacho ndicho hutoa Tuzo za Emmy. Hadithi iliandikwa na Duane Poole na Tom Swale, na mtayarishaji alikuwa Buzz Potamkin.

## Muhtasari wa hadithi

Corey, msichana mdogo, anaibiwa kibubu chake. Mwizi ni kaka yake Michael, kijana anayetafuta pesa za kununulia bangi. Wahusika wa katuni waliomo chumbani mwa Corey, kwenye picha, vitabu na vitu vyake vya kuchezea, wanapata uhai. Wanalifuatilia jambo hilo na kugundua kijisanduku cha bangi alichokificha Michael.

Michael hayuko peke yake. Anaandamana na Smoke (Moshi), kiumbe wa moshi anayemshawishi aendelee kuvuta na kumdharau kila anayemwonya. Bugs Bunny anamrudisha Michael nyuma kwa mashine ya muda ili aone jinsi alivyoanza kuvuta kwa kuwaogopa wenzake waliomzidi umri. Baadaye rafiki zake wanamtaka ajaribu crack. Wahusika wengine wanampitisha ndani ya ubongo wake mwenyewe, wanamwimbia wimbo wa kumfundisha njia nyingi za kukataa, na kumwonyesha katika kioo jinsi atakavyodhoofika na kuonekana kama maiti.

Smoke anapogeuka kumshawishi Corey, Michael anatambua madhara aliyoyaleta nyumbani. Anamtupa Smoke nje ya dirisha, naye anaangukia ndani ya gari la taka. Mwishowe Michael na Corey wanakwenda kuzungumza na wazazi wao.

## Wahusika

Baadhi ya wahusika walioshiriki, pamoja na katuni walizotoka, ni hawa:

* Papa Smurf na wenzake – *The Smurfs*
* Alvin, Simon na Theodore – *Alvin and the Chipmunks*
* ALF – *ALF: The Animated Series*
* Garfield – *Garfield and Friends*
* Kermit, Miss Piggy na Gonzo wakiwa wachanga – *Muppet Babies*
* Winnie-the-Pooh na Tigger – *The New Adventures of Winnie the Pooh*
* Slimer – *The Real Ghostbusters*
* Michelangelo – *Teenage Mutant Ninja Turtles*
* Huey, Dewey na Louie – *DuckTales*
* Bugs Bunny na Daffy Duck – *Looney Tunes*

Sauti ya Smoke iliigizwa na George C. Scott, mwigizaji aliyejulikana kwa filamu ya *Patton* (1970). Jason Marsden aliigiza sauti ya Michael na Lindsay Parker ile ya Corey. Jeff Bergman aliigiza sauti za Bugs Bunny na Daffy Duck, ikiwa miongoni mwa kazi zake za kwanza kwa wahusika hao baada ya kifo cha Mel Blanc mwezi Julai 1989. Wimbo wa kukataa dawa ulitungwa na Alan Menken na Howard Ashman, waliotunga pia nyimbo za filamu ya *The Little Mermaid* (1989).

## Urushaji

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa ndiyo saa ya katuni katika televisheni ya Marekani, na mitandao mikubwa iligombania watoto kwa saa hizo. *The Smurfs* na *Alvin and the Chipmunks* zilionyeshwa na NBC, *Muppet Babies* na *Garfield and Friends* na CBS, *The Real Ghostbusters* na *Winnie the Pooh* na ABC. Siku hiyo ABC, CBS, NBC na Fox zilirusha kipindi kilekile kwa wakati mmoja, pamoja na vituo vingine vingi vya kujitegemea na vya kebo. Mtoto aliyebadili chaneli ili kukikwepa aliweza kukikuta tena kwenye chaneli nyingine.

Rais Bush na mke wake Barbara walitoa utangulizi mfupi. Kipindi kilionyeshwa pia katika nchi nyingine, na huko viongozi wa nchi husika walichukua nafasi hiyo: Waziri Mkuu Brian Mulroney nchini Kanada na Waziri Mkuu Bob Hawke nchini Australia. Baadaye kilitolewa kwenye kanda za video na Buena Vista Home Video, kampuni iliyokuwa chini ya Disney.

## Mapokezi

### Mkusanyiko wa wahusika

Jambo lililosifiwa zaidi ni mkusanyiko wenyewe. Mwaka 1988 filamu ya *Who Framed Roger Rabbit* ilikuwa imewaweka pamoja wahusika wa Disney na Warner Bros., lakini kipindi hiki kilivuka mipaka ya makampuni mengi zaidi. Kwa mtoto wa mwaka 1990, kumwona Garfield akizungumza na ALF, au Bugs Bunny katika hadithi moja na Winnie-the-Pooh, lilikuwa jambo la ajabu.

Hata hivyo, hapo ndipo lilipoanzia lalamiko la kwanza. Watoto walivutwa na wahusika wakitarajia mchezo na vichekesho, wakapata somo. Wahusika hao hawachekeshi kama walivyozoeleka, kwani karibu kila mmoja anapewa sentensi chache za kuonya kisha anampisha mwingine. Garfield mvivu na Daffy Duck mbishi wanazungumza kama walimu.

### Mahubiri na mzaha

Watazamaji waliokirudia kipindi hiki wakiwa watu wazima wamekitaja mara nyingi kama mfano wa katuni inayohubiri kupita kiasi. Hoja zinazorudiwa ni kwamba Michael anafikishwa kwenye crack upesi mno, kana kwamba bangi na kokeini ni kitu kimoja, na kwamba wenzake hawana sura nyingine isipokuwa ya uovu. Aidha, sababu zinazoweza kumsukuma kijana kutumia dawa, kama upweke au matatizo ya nyumbani, hazikupewa nafasi.

Mzaha umefuata njia ileile iliyolipata tangazo la mwaka 1987 lililofananisha ubongo wa mtumiaji wa dawa na yai linalokaangwa, ambalo liliigwa kwa vichekesho vingi. Wengi wamecheka kwamba kijana anayezungukwa na sungura, kasa na viumbe wa buluu wanaozungumza anaonekana kama mtu ambaye tayari amelewa.

### Hofu

Wengine hawakucheka. Sauti nzito ya George C. Scott na sura ya Michael aliyekonda kama maiti ziliwatisha watoto wadogo, na kuna wanaozikumbuka picha hizo kuliko funzo lenyewe.

Hapa linaonekana tatizo la umri. Wapenzi wa *Muppet Babies* na *The Smurfs* walikuwa hasa watoto wadogo, ilhali kijana wa umri wa Michael kwa kawaida alikuwa ameshaziacha katuni hizo. Kwa hiyo ujumbe kuhusu bangi ulimfikia zaidi mtoto ambaye pengine alikuwa hajawahi kuisikia.

### Utetezi

Wanaokitetea kipindi husema kwamba mlengwa wake halisi si Michael bali ni Corey, yaani mdogo anayeona jambo baya nyumbani na hajui amwambie nani. Kwa mtoto wa namna hiyo, hadithi inatoa ushauri unaotekelezeka: usinyamaze, zungumza na mtu mzima. Pia mwisho wake haumtupi Michael wala kumpeleka jela, bali unamrudisha kwa wazazi wake.

## Suala la ufanisi

Haiwezekani kupima athari ya kipindi kimoja. Matumizi ya bangi miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari nchini Marekani yalikuwa yakishuka tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, yakafikia kiwango cha chini mwaka 1992, kisha yakapanda tena. Mwenendo huo ulianza kabla ya kipindi hiki.

Tafiti zilizofanywa baadaye kuhusu kampeni nyingine za aina hii zimeunga mkono baadhi ya mashaka ya watazamaji. Uchambuzi wa mpango wa D.A.R.E., ulioanzishwa mjini Los Angeles mwaka 1983 na kuwapeleka askari polisi madarasani, ulionyesha kwamba ulikuwa na athari ndogo sana katika kuzuia matumizi ya dawa. Kampeni ya matangazo ya serikali iliyoanza mwaka 1998 nayo ilitathminiwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 hayakuonyesha kwamba ilipunguza matumizi ya bangi kwa vijana. Kulikuwa na dalili kwamba baadhi yao walipata msukumo wa kinyume.

Wanasaikolojia hueleza hali hiyo kwa nadharia iliyotolewa na Jack Brehm mwaka 1966: mtu anayehisi uhuru wake wa kuchagua unabanwa huweza kukipenda zaidi kile anachokatazwa. Mipango ya baadaye, ikiwemo mtaala mpya wa D.A.R.E. uliopokelewa mwaka 2009, ilitilia mkazo stadi za kufanya maamuzi na mazungumzo badala ya vitisho na makatazo peke yake.

## Tazama pia

* Bangi
* Dawa za kulevya
* Katuni
* Looney Tunes
* Nancy Reagan