Betri hufia wapi? Historia fupi ya sola ndogo, kutoka Meru hadi bandani



Wiki iliyopita mama mmoja mfugaji wa kuku katika kata yangu alinionyesha betri tatu nyuma ya banda, zote zimekufa ndani ya miaka minne. "Bwana shamba, paneli nzima, taa nzima, betri tu ndiyo haikai. Nimerogwa au nauziwa feki?" Nikafuata waya. Paneli ya wati 50 imeunganishwa moja kwa moja na betri ya gari, waya mwembamba wa spika umevutwa mpaka bandani, fyuzi hakuna. Hakurogwa. Kosa hilo ni la zamani kuliko kuku wake wote, na linakotoka panajulikana.

Historia ya sola za nyumbani Afrika Mashariki husimuliwa kuanzia miteremko ya Mlima Kenya, upande wa Meru. Mwaka 1984 Harold Burris, mhandisi Mmarekani, alianzisha huko biashara aliyoiita Solar Shamba. Mmarekani mwenzake, Mark Hankins, alikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule ya sekondari ya Karamugi Harambee. Shule ilikuwa inafikiria kununua jenereta ya dizeli. Hankins akawashawishi wajaribu sola. Taa zikawaka madarasani. Walimu wakataka na majumbani mwao, kisha wakulima wa kahawa na chai waliokuwa na fedha za mauzo. Vijana wa hapo wakafundishwa ufundi kwa kufunga mitambo yenyewe. Miaka ya 1990 mafunzo ya namna hiyo yakafika kwetu Karagwe, Kagera, kupitia KARADEA.

Lakini sola ilikuta betri vijijini. Watu walikwisha kuzoea kuendeshea televisheni kwa betri ya gari na kuipeleka mjini kuchajiwa kwa baiskeli. Paneli za bei nafuu za wati 12 hivi zilipoingia madukani, mnunuzi alibeba paneli peke yake, akaichomeka kwenye betri ileile. Kontrola ya chaji ilikuwa gharama ya ziada, na wauzaji walisema kipaneli kidogo hivyo hakiwezi kuunguza betri, basi kontrola ya nini?

Hoja hiyo ilikuwa kweli nusu, na nusu ya pili ndiyo iliyoua betri. Hebu tupige hesabu. Wati 12 kwa saa 5 za jua zuri ni wati-saa 60. Televisheni nyeusi na nyeupe ya wati 15 kwa saa 3 ni 45. Taa mbili za wati 8 kwa saa 3 ni 48. Jumla 93. Kila usiku nyumba inakopa 33, na hakuna wa kusema basi. Betri ya risasi na asidi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, haivumilii deni. Ikikaa bila chaji, bamba zake hushika chumvi ngumu isiyotoka tena. Ya gari ndiyo dhaifu zaidi, maana bamba zake nyembamba zimetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kuangaza usiku kucha. Kontrola huzima taa kabla betri haijakauka. Watu huichukia kwa sababu hiyohiyo! Nimekuta nyingi zimerukwa kwa kipande cha waya ili mpira uishe.

Waya nao una hesabu yake. Banda la mama yule liko mita 10 kutoka kwenye betri. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, kwa ampea 3, hupoteza volti 1.4 hivi kwenda na kurudi. Kwenye volti 12 hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Wa milimita 4 hupoteza robo volti tu.

Tulikubaliana hivi. Betri ya nne isubiri. Kwanza kontrola, waya wa milimita 4, na fyuzi ya ampea 10 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, kwa sababu nyaya zikigusana betri hutoa umeme wa kutosha kuwasha moto kwenye majani ya paa. Siku ya kufunga, betri inaunganishwa na kontrola kwanza, halafu paneli, mwisho taa. Kufungua ni kinyume chake. Betri atanunua ya sola, si ya gari, akiuza trei za mwezi huu. Kwa sasa vifaranga wamerudi kwenye taa ya chemli, na ameniomba nisichelewe.