Mnada Usio na Hiari: Wafugaji wa Ukambani na Kiwanda cha Nyama cha Athi River, 1938

1. Utangulizi

Neno mnada limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na kiini cha maana yake ni wito. Anayenadi mali huwaita watu wengi kwa sauti. Kila mmoja hutaja bei yake, na mwenye mali huamua kuuza au kurudi na mali yake nyumbani. Pasipo wanunuzi wengi, na pasipo haki ya mwenye mali kukataa, jina hubaki lakini jambo lenyewe limekwisha. Ukambani, katika koloni ya Kenya, mwaka wa 1938, serikali iliita mnada kile ambacho wafugaji walikiona kuwa ni unyang'anyi.

Wanahistoria wengi wameueleza upinzani wa Wakamba wa mwaka huo kama sura ya mapema ya utaifa wa Kenya, au kama shauri la hifadhi ya udongo. Maelezo hayo mawili ni ya kweli, lakini hayatoshi. Upinzani huo ulikuwa pia mapambano ya wazalishaji wa mifugo dhidi ya soko lililofungwa pande zote isipokuwa upande mmoja, na upande huo ulielekea kwenye kiwanda.

2. Kiwanda na mahitaji yake

Kampuni ya Liebig iliundwa London mwaka wa 1865, ikachukua jina la mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig. Kiwanda chake mashuhuri kilikuwa Fray Bentos, nchini Uruguay. Mali iliyoipatia sifa ilikuwa rojo nzito ya nyama iliyochemshwa na kukolezwa, na ili kupata kilo moja ya rojo hiyo zilihitajika takriban kilo 30 za nyama. Hesabu hiyo inaeleza mengi. Biashara ya namna hiyo haistawi penye ng'ombe wa bei ghali. Haihitaji ng'ombe mnono. Hata mzee na mwembamba anafaa, mradi awe rahisi, na mradi wenzake waje nyuma yake siku kwa siku bila kukatika.

Mwaka wa 1938 kampuni hiyo ilifungua kiwanda Athi River, kusini-mashariki ya Nairobi, kando ya reli iendayo Mombasa na mpakani mwa nchi ya Wakamba. Ng'ombe walikuwa karibu, lakini ukaribu peke yake haukuwa dhamana. Mfugaji aliye huru huuza anapotaka, na hungoja bei inapomchukiza. Kiwanda hakiwezi kungoja hivyo. Ilibidi basi upatikane mkono wa kuwatoa ng'ombe zizini, na mkono huo ukawa serikali.

3. Ng'ombe wengi au nchi ndogo?

Serikali ilikuwa na hoja yake, na haifai kuidharau. Miaka ya ukame na nzige iliyotangulia ilikuwa imeacha vilima vya Machakos vikiwa na makorongo mekundu. Mwaka wa 1937, Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo, aliandika ripoti juu ya hali hiyo. Hukumu ya watawala ilikuwa fupi: ng'ombe wamezidi, wapunguzwe.

Wakamba hawakukana kwamba udongo ulikuwa unachukuliwa na maji. Walichouliza ni kwa nini nchi ilikuwa imepungua. Vilima vya Mua vilikuwa vimegawiwa walowezi wa Kizungu, na uwanda wa Yatta, ambao zamani ulikuwa malisho, ulihesabiwa kuwa ardhi ya serikali. Zaidi ya hayo, masharti ya karantini, yaliyowekwa ili kulinda mifugo ya walowezi na magonjwa, yaliwazuia wafugaji Waafrika kupeleka ng'ombe wao popote walipotaka. Kwa hiyo mfugaji aliambiwa ana ng'ombe wengi kupita kiasi na watu wale wale waliokuwa wamempunguzia malisho na kumzibia njia za biashara.

Tena ng'ombe hakuwa bidhaa tu. Alikuwa mahari, alikuwa akiba ya mwaka wa njaa, alikuwa kifungo cha ujamaa kati ya nyumba na nyumba. Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba Wakamba walikataa kuuza kwa sababu ya mapenzi ya ng'ombe. Walikuwa wafanyabiashara hodari tangu karne ya 19, misafara yao ilipokuwa ikipeleka pembe za ndovu pwani. Walichokataa ni kuuza kwa amri.

4. Kutoka zizini hadi Nairobi

Amri ya 1938 iliwekea kila eneo idadi ya ng'ombe watakaobaki. Waliobaki walipigwa chapa ya moto. Waliozidi wakapaswa kupelekwa mnadani. Wenye mali walipokataa kuwaleta, ng'ombe zaidi ya 2,000 walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Wapo waliokwenda kiwandani, na wapo walionunuliwa na walowezi. Hapo hoja ya udongo ilijidhoofisha yenyewe machoni pa wafugaji, maana ng'ombe aliyeambiwa kuwa anaharibu nchi alivuka mpaka tu, akaendelea kula majani katika shamba la mwingine.

Wakati huo ndipo kilipoanza kufanya kazi chama kilichoitwa Ukamba Members Association, na msemaji wake mkuu akawa Muindi Mbingu. Silaha ya kwanza ilikuwa kususia: mnada usio na ng'ombe hauna la kunadi. Silaha ya pili ilikuwa maandishi. Malalamiko yalipelekwa kwa serikali ya Nairobi na hata London kwa waziri wa makoloni. Silaha ya tatu ilikuwa miguu. Mwishoni mwa Julai 1938 zaidi ya watu 1,500, wanaume, wanawake na watoto, walitoka Ukambani hadi Nairobi wakitaka kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Hawakupokelewa. Wakapiga kambi mjini, wakangoja kwa majuma.

Hawakuwa peke yao. Viongozi wa Kikuyu Central Association waliwaunga mkono, vilevile Isher Dass, mjumbe Mhindi wa Baraza la Kutunga Sheria. Jomo Kenyatta, aliyekuwa Uingereza wakati huo, aliandika juu ya shauri hilo katika magazeti ya huko. Na watawala walikuwa na hofu nyingine: askari wengi wa jeshi na polisi walikuwa Wakamba, na ng'ombe waliokamatwa walikuwa wa baba zao.

Mwezi wa Agosti Gavana mwenyewe alikwenda Machakos kuzungumza barazani, lakini hakuwaridhisha watu. Baadaye Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, uuzaji wa lazima uliachwa, na ng'ombe waliokuwa bado mikononi mwa serikali wakarudishwa kwa wenyewe.

5. Ushindi na mipaka yake

Ushindi huo ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa wa kuzuia, si wa kujenga. Wafugaji walipata haki ya kusema hapana. Hawakupata kichinjio chao, wala sauti katika kupanga bei. Mwaka wa 1940 chama chao kilipigwa marufuku pamoja na Kikuyu Central Association. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilinunua mifugo ya Waafrika kwa ajili ya majeshi, kwa bei iliyopangwa na serikali yenyewe. Mwaka wa 1950 iliundwa Tume ya Nyama ya Kenya, nayo ikashika kiwanda cha Athi River. Mwenye kiwanda alibadilika, mlango ukabaki mmoja. Uhuru wa 1963 uliirithi tume hiyo. Baadaye ilidhoofika hata kufungwa, ikafufuliwa mwaka wa 2006.

6. Hitimisho

Wahenga walisema: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika biashara ya nyama kisu hicho ni kiwanda, maana ng'ombe walio hai wamesambaa kwa wenyewe maelfu, na mahali pa kuchinjia ni pachache. Anayepamiliki mahali hapo anaweza kuwapangia bei wote waliolisha na kunywesha kwa miaka. Wakamba wa 1938 hawakuwa na kisu. Walichokuwa nacho ni kitu ambacho kisu hakina kazi bila hicho, yaani ng'ombe wenyewe, na umoja wa kutowaachilia. Umoja huo ulitosha kuufunga mnada wa lazima. Kuufungua mnada wa kweli, wenye wanunuzi wengi na hiari ya muuzaji, ni kazi iliyohitaji zaidi ya kukataa, na waliowarithi waliikuta bado haijafanywa.