Basi dogo la dizeli lililotumika: Lipimwe kabla ya kulipiwa

MNUNUZI wa gari lililotumika katika Kata ya Mandewa, Manispaa ya Singida, mara nyingi huonyeshwa vitu vitatu: rangi iliyong'arishwa, viti vilivyovikwa vitambaa vipya na injini ambayo tayari inaunguruma. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomweleza kama gari hilo litamrudishia fedha zake.

Suala hili ni zito zaidi kwa mabasi madogo ya dizeli kama Toyota Hiace na Toyota Coaster, kwa kuwa wengi huyanunua kwa ajili ya biashara. Fedha zinazolipwa huwa ni kiinua mgongo cha mstaafu, mkopo wa SACCOS au akiba ya misimu kadhaa ya alizeti na vitunguu. Injini ikifa mwezi wa kwanza, rejesho la mkopo halisubiri gari litengemae.

Njia ya kupunguza hatari hiyo ni moja: mnunuzi amtafute fundi wake mwenyewe, asiyeletwa na muuzaji wala dalali, gari likaguliwe kabla ya fedha yoyote kutolewa, hata ile inayoitwa kishika uchumba. Malipo ya fundi kwa kazi ya nusu siku ni kiasi kidogo sana yakilinganishwa na bei ya injini nyingine.

Vyeti vinajibu maswali mengine

Baadhi ya wanunuzi hutosheka wanapoonyeshwa vyeti vya ukaguzi. Vyeti hivyo vina umuhimu wake, lakini kila kimoja kilitolewa kwa kusudi lake.

Ukaguzi unaosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa magari yaliyotumika yanayoingia nchini huhusu hali ya gari wakati wa kuingizwa. Hausemi lolote kuhusu miaka ambayo gari limebeba abiria baada ya hapo. Stika inayotolewa na Kikosi cha Usalama Barabarani huhusu usalama wa gari barabarani, kama vile breki, taa na matairi, na si umri uliobaki wa injini.

Leseni ya kubeba abiria nayo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 na kuchukua majukumu ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu. Leseni ya muuzaji si dhamana kwa mmiliki mpya.

Aidha, herufi za namba ya usajili zisichukuliwe kuwa umri wa gari. Namba hiyo huonyesha ni lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini lilitengenezwa. Gari lenye herufi za karibuni linaweza kuwa limetumika Japani kwa miaka mingi kabla ya kuletwa nchini.

Injini iwashwe ikiwa baridi

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa iliyo ndani ya silinda hugandamizwa mpaka inakuwa na joto kali, kisha mafuta hunyunyizwa na kuwaka yenyewe. Katika injini ya 1HZ ya lita 4.2, inayopatikana katika Coaster na Land Cruiser nyingi, hewa hugandamizwa zaidi ya mara 22. Pistoni, ringi au valvu zikichakaa, mgandamizo hupungua na injini hupata taabu kuwaka.

Taabu hiyo hujitokeza wazi asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Mnunuzi apange kufika alfajiri na kwanza aguse injini kwa mkono. Akiikuta ina joto, ukaguzi uahirishwe hadi siku nyingine, kwani huenda iliwashwa mapema ili kuficha kasoro. Baridi ya Singida ya miezi ya Juni na Julai ni kipimo kizuri ambacho hakilipiwi.

Injini nzima huwaka kwa muda mfupi baada ya taa ya plagi za joto kuzimika. Ikihitaji kusukumwa, au ikiwaka kwa kutetemeka kwa dakika kadhaa, fundi atafute sababu kabla ya mazungumzo ya bei.

Moshi nao una maana yake. Moshi mweusi huonyesha mafuta mengi kuliko hewa, na chanzo chake huweza kuwa chujio la hewa lililoziba, nozeli zilizochoka au pampu isiyopimwa vizuri. Moshi wa bluu huonyesha oili inayoungua. Moshi mweupe wa muda mfupi asubuhi ni jambo la kawaida, lakini ukiendelea injini ikishapata joto, huenda mafuta hayaungui sawasawa au maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda.

Ikumbukwe pia kwamba mji wa Singida uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo iliyoonekana safi Dar es Salaam inaweza kutoa moshi mweusi kidogo na kukosa nguvu kiasi ikifika Singida. Kwa hiyo gari litakalofanya kazi Singida lipimwe Singida.

Oili, maji na pumzi

Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa, hivyo weusi peke yake si ugonjwa. Kinachotafutwa kwenye kijiti cha kupimia ni rangi ya maziwa, ambayo huonyesha kwamba maji yamechanganyika na oili, au harufu kali ya dizeli.

Mfuniko wa rejeta ufunguliwe kabla injini haijawashwa, kamwe usifunguliwe ikiwa ya moto. Mafuta yanayoelea juu ya maji ni dalili mbaya. Kisha injini iwashwe huku mfuniko ukiwa wazi: mapovu yasiyokoma huashiria gasketi ya silinda hedi iliyoungua au hedi iliyopasuka. Mfuniko wenyewe uangaliwe pia, maana katika mwinuko wa Singida maji yasiyozuiwa na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi za Selsiasi, badala ya 100.

Kipimo kingine kisichohitaji chombo ni kufungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu. Mvuke mdogo ni wa kawaida. Moshi unaotoka kwa kusukumwa kwa nguvu huonyesha kwamba mgandamizo unapenya kwenye ringi za pistoni, na injini hiyo inakaribia kufanyiwa oveholi.

Pale dalili hizo zinapotia shaka, fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haifai kwa kazi hiyo. Silinda zinazotofautiana sana ni tatizo hata kama wastani wake unaridhisha.

Kwa injini mpya zaidi kama 1KD ya Hiace, ambayo nozeli zake huendeshwa kwa umeme na mafuta husukumwa kwa mgandamizo unaozidi mara 1,000 ule wa hewa ya kawaida, fundi awe na kompyuta ya kusoma kasoro. Nozeli za mfumo huo ni ghali, na mafuta machafu huziharibu upesi.

Mkanda wa taimingi usisahaulike. Katika magari mengi ya Toyota yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, taa ya mkanda huo huwaka kila baada ya kilomita 100,000. Muuzaji asiye na kumbukumbu ya lini ulibadilishwa achukuliwe kuwa hajaubadilisha, na gharama hiyo iingizwe katika bei. Mkanda ukikatika gari likiwa katika mwendo, valvu zinaweza kugongana na pistoni.

Chesi na namba yake

Fundi alale chini ya gari akiwa na tochi. Atafute mahali palipochomelewa upya, chesi iliyopinda, na kutu iliyofunikwa kwa rangi nyeusi. Magari yaliyotumika katika sehemu za Japani zenye theluji hupata kutu upande wa chini kutokana na chumvi inayomwagwa barabarani.

Namba ya chesi isomwe kwenye chuma chenyewe na kulinganishwa na kadi. Katika magari ya Toyota yaliyotoka Japani, herufi za mwanzo za namba hiyo hutaja familia ya injini iliyofungwa kiwandani. HZB ni Coaster yenye injini ya 1HZ, LH na KDH ni Hiace za dizeli, na RZH na TRH ni Hiace za petroli. Hiace ya TRH yenye injini ya dizeli imebadilishwa injini, na badiliko hilo linapaswa kuonekana kwenye kadi.

Kuhusu kilomita, mnunuzi asitegemee mita peke yake, kwani inaweza kurudishwa nyuma. Aombe nakala ya cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa huko. Mpira wa pedali uliolika na usukani uliolainika katika gari linalodaiwa kutembea kidogo ni ushahidi wa kutosha kutilia shaka.

Barabarani

Majaribio yasiishie katika mitaa ya Mandewa. Gari litakalofanya safari za Nzega litapanda na kushuka Mlima Sekenke, na litafanya hivyo likiwa na abiria na mizigo. Kwa hiyo lijaribiwe kwenye mlima likiwa limebeba uzito, na kipimo cha joto kiangaliwe mwanzo hadi mwisho.

Klachi inayoteleza hujulikana injini inapoongeza mlio bila gari kuongeza mwendo. Gia inayochomoka yenyewe na mlio wa difu unaobadilika mguu unapotolewa kwenye mafuta ni matengenezo yanayokuja. Breki zipewe uzito wa pekee. Injini nyingi za dizeli hutegemea pampu ya vakyumu, ambayo katika Toyota nyingi imefungwa kwenye oltaneta, ili pedali iwe nyepesi. Pedali ikiwa ngumu injini ikiwa inaunguruma, pampu hiyo ichunguzwe.

Coaster au Land Cruiser iliyogeuzwa kuwa gari la kulala kwa ajili ya watalii huhitaji uchunguzi wa ziada. Nyaya za betri ya pili, mtungi wa gesi, uzito wa tangi la maji na mahali paa lilipokatwa vyote vikaguliwe, na kadi ionyeshe mabadiliko ya bodi na idadi ya viti.

Kadi na madeni

Gari zima lenye kadi yenye matatizo ni hasara sawa na gari bovu. Mnunuzi aone kadi halisi, si nakala, na jina lililomo lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Kadi inayosemekana "iko benki" humaanisha kwamba gari ni dhamana ya mkopo, na malipo yafanyike benki hiyo ikihusishwa.

Faini za barabarani huangaliwa kwa namba ya gari kupitia mfumo wa Jeshi la Polisi wa TMS, na uhalali wa bima kupitia mfumo wa TIRA. Gari lililoingizwa kwa msamaha wa kodi, kwa mfano lile lililokuwa na namba za DFP za miradi ya wafadhili, huenda likadaiwa kodi linapohamia kwa mtu asiye na msamaha. Jibu la uhakika litafutwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kulipa.

Uhamisho wa umiliki hufanyika TRA, na unahitaji kadi halisi, mkataba wa mauziano na namba za mlipakodi za pande zote mbili. Mnunuzi anayeahirisha uhamisho huo anatumia gari ambalo katika kumbukumbu za Serikali bado ni mali ya mtu mwingine.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 214) inamlinda mnunuzi, lakini kwa mipaka. Ulinzi kuhusu ubora ni mdogo pale muuzaji anapokuwa mtu binafsi asiyefanya biashara ya magari. Vilevile mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuiona. Kuangalia juujuu kwa ajili ya kutimiza wajibu hakumsaidii.

Kwa sababu hiyo matokeo ya ukaguzi yaandikwe: tarehe, kilomita, namba ya chesi, kasoro zilizoonekana na makadirio ya gharama ya kila moja, kisha fundi atie saini. Karatasi hiyo ndiyo msingi wa kujadiliana bei. Kasoro ndogo hupunguza bei, na injini isiyo na mgandamizo, chesi iliyopinda au kadi yenye utata humaliza mazungumzo.

Muuzaji mwenye gari zuri hana sababu ya kukataa ukaguzi huo. Akikataa, au akiharakisha malipo kwa madai kwamba kuna mnunuzi mwingine njiani, mnunuzi amwachie huyo mwingine.