Baridi ya milimani: koti moja zito halitoshi

Mtu anayetoka Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, anaweza kuanza safari na shati moja tu, na jasho linamtoka. Mji uko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Akipanda hadi kwenye Hauts Plateaux, zaidi ya mita 2,000, jioni ileile anatetemeka: kwa kawaida, kila mita 1,000 za kupanda, hewa inapoa kwa digrii 6 hivi.

Wengi wananunua koti moja zito kwenye mitumba na kuona kazi imeisha. Lakini koti halitengenezi joto. Joto linatoka mwilini; nguo inalizuia tu lisitoroke, na kinachosaidia hasa ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo. Ndiyo sababu nguo tatu nyepesi mara nyingi zinashinda koti moja, mradi zisibane. Hata soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana zinaacha vidole na baridi, sababu damu haipiti vizuri.

Ya ndani iwe kavu. Juu yake pulovere, ya sufu kama inapatikana, maana sufu inatunza joto hata ikilowa kidogo, pamba hapana. Juu kabisa, kitu cha kuzuia upepo na mvua. Koti la mvua kama lile la wamotari linafaa sana.

Adui mkubwa ni jasho. Maji yanaondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa. Anayepanda na mzigo avue pulovere mbele ya kulowa, aivae tena mara tu anapopumzika. Koti moja haliruhusu hivyo: ni kulivaa au kubaki na shati. Na nguo ya kulalia ifungwe ndani ya plastiki, isiguswe njiani hata mvua ikinyesha.

Mtoto mchanga anapoteza joto haraka kuliko mkubwa. Akae ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, na kofia kichwani, kitenge na blanketi juu yao wote wawili, uso wake ubaki wazi. Nepi iliyolowa ibadilishwe hata usiku.

Usiku ndipo kuna hatari ingine. Blanketi zikikosekana, kuna familia zinazoingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Makala, hata yasiyotoa moshi tena, yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hasikii anapozidiwa. Mbabula ibaki nje. Ndani, watu walale na nguo kavu mbili au tatu, soksi na kofia, na katoni au majani makavu chini ya mkeka, sababu udongo pia unanyonya joto. Penye mbabula, mtu akiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, atolewe nje palepale, wengine wote waamshwe, na apelekwe kituo cha afya.