Mkimbizi wa Bukumbi



Kusini mwa Nyamagana, kando ya ziwa letu, ipo Bukumbi, misheni iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1883. Leo tuikumbuke kwa ajili ya mgeni mmoja.

Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Mwezi Septemba 1888 Mwanga naye alipinduliwa. Alikimbia kwa mtumbwi hadi Magu, kwa wafanyabiashara Waarabu, lakini huko hakupata usalama. Mwishowe alibisha hodi Bukumbi. Hapo walikuwa wamekimbilia mapadre waliofukuzwa Buganda mwaka huo huo, akiwemo Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera. Wakatoliki waliouawa Namugongo walikuwa watoto wao katika imani.

Ndugu zangu, tuupime uzito wa saa ile. Kitabu cha sala cha mapadre hao kilikuwa na zaburi zote 150. Mojawapo ni Zaburi ya 109, ambamo mtu aliyeonewa anaomba hata watoto wa adui yake wawe yatima. Kumbe mbele ya Mungu tunaruhusiwa kuutoa uchungu wetu wote. Lakini anayeutoa huko, hukumu naye amemwachia Mungu; hana tena haja ya kuitekeleza mwenyewe.

Mwanga alipokelewa, akapewa hifadhi. Mwaka 1889 alirudi kukidai kiti chake, akisaidiwa na Wakristo aliokuwa amewatesa. Hata hivyo amani haikudumu: mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo, na Mwanga alifia uhamishoni, Shelisheli, mwaka 1903. Mapadre wa Bukumbi hawakuyajua hayo walipomfungulia mlango. Walimwona mtu anayekimbia.

Wala kumpokea hakukuwa kuifuta Namugongo. Mashahidi wale walitangazwa watakatifu mwaka 1964, na habari za kifo chao husimuliwa kanisani hadi leo, pamoja na jina la aliyeamuru.

Nanyi makatekista, katika jumuiya zenu huenda yupo mtu ambaye jina lake likitajwa watu hunyamaza. Juma hili msalieni Zaburi, hata ile iliyo kali, mpaka uchungu uishe kusemwa. Kisha, akibisha hodi, mkaribisheni.

Mungu awabariki.