Kosa la Mwamuzi na Kosa la Timu katika Michezo ya Tofauti Ndogo: Mkoa wa Tanga na Soka la Tanzania, 2016–2024

1.0 Utangulizi

Katika soka la Tanzania, mchezo uliomalizika kwa tofauti ya bao moja, kwa sare au kwa mikwaju ya penalti huacha nyuma yake mashtaka. Upande ulioshindwa humtaja mwamuzi: bao lililokataliwa, mkono ambao haukuonekana, kadi iliyotolewa bila sababu. Upande ulioshinda hutaja uzembe wa wapinzani wake. Methali isemayo kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani hutumiwa kufunga mjadala, lakini haijibu swali la msingi: ni lipi hasa huamua mchezo wa aina hiyo, kosa la mwamuzi au kosa la timu?

Insha hii inalichunguza swali hilo kwa kutumia matukio ya kihistoria ya kati ya mwaka 2016 na 2024, ikianzia Mkoa wa Tanga na kuendelea hadi mashindano ya Afrika. Hoja yake ni kwamba kosa la mwamuzi linaweza kutosha kubadili matokeo ya mchezo mmoja, lakini ni nadra kuwa sababu pekee ya hatima ya timu. Ili kuithibitisha hoja hiyo, kila tukio linapimwa kwa maswali matatu. Je, kosa la mwamuzi lilithibitika? Je, baada ya kosa hilo timu ilibaki na nafasi ya kuyarekebisha matokeo? Je, yapo makosa ya timu yenyewe ambayo, kama yasingetendeka, yangeifikisha mahali palepale?

Makosa yanayojadiliwa hapa ni yale ya uwanjani yasiyo na hila. Upangaji wa matokeo ni jambo jingine. Mwanzoni mwa mwaka 2016, mabao mengi kupita kiasi yalifungwa katika siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza. Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) liliziadhibu timu zilizohusika na Mbao FC ya Mwanza ikapanda daraja. Tukio hilo lilikuwa suala la nidhamu na jinai, nalo halipimwi kwa vigezo vya insha hii.

2.0 Korogwe na Handeni katika Soka la Mkoa

Kata ya Mpale, wilayani Korogwe, na maeneo jirani ya Handeni yamo katika mkoa ambao soka lake lilikua sambamba na reli na mkonge. Reli ya Usambara iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwanzoni mwa karne ya 20, na mashamba ya mkonge yakakusanya wafanyakazi kutoka sehemu nyingi za nchi. Mjini Tanga zilijengeka klabu mbili kongwe, African Sports na Coastal Union, na uhasama wao wa kimichezo uliugawa mji kama Simba na Yanga zinavyoigawa Dar es Salaam. Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Wilaya ya Handeni nayo ilipata mwakilishi wake katika Ligi Kuu kupitia Mgambo Shooting, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo ilitumia Uwanja wa Mkwakwani kwa michezo ya nyumbani.

Kwa mpenzi wa soka wa Mpale, kwa hiyo, Mkwakwani ulikuwa uwanja wa karibu wa kuiona Ligi Kuu kwa macho. Wengi zaidi waliifuatilia kwa redio na, tangu Azam TV ilipoanza kuonesha ligi katika msimu wa 2013/14, kwa televisheni za nyumbani na za vibanda umiza. Mabadiliko hayo ya chombo yana uzito katika swali la insha hii, na yanajadiliwa katika sehemu ya 6.0.

3.0 Msimu wa 2015/16: Mkoa Uliopoteza Timu Tatu

Katika msimu wa 2015/16 Tanga ilikuwa na timu tatu miongoni mwa 16 za Ligi Kuu: Coastal Union, Mgambo Shooting na African Sports iliyokuwa imepanda daraja. Msimu ulipomalizika, zote tatu zilishuka. Mkoa uliowahi kutoa bingwa ukabaki bila timu hata moja katika ngazi ya juu.

Kinachoufanya msimu huo kuwa ushahidi muhimu ni kwamba Coastal Union haikukosa uwezo. Mwezi Januari 2016 iliifunga Yanga mabao 2-0 Mkwakwani, nayo Yanga ndiyo iliyokuja kuwa bingwa. Mwezi Aprili iliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mabao 2-1. Tarehe 24 Aprili ilikutana tena na Yanga, safari hii katika nusu fainali ya kombe hilo, na mchezo ukaingia dakika za nyongeza. Yanga ikiwa mbele kwa mabao 2-1, mashabiki wa nyumbani waliokuwa wakipinga maamuzi walifanya vurugu zilizomfikia mwamuzi msaidizi, na mchezo ukavunjika. Yanga ikasonga mbele.

Simulizi ya mitaani ya msimu huo huanzia katika nusu fainali hiyo. Hata kama kila lalamiko la siku ile litakubaliwa, hata hivyo, bado halielezi kushuka daraja, kwa kuwa mchezo wenyewe haukuwa wa ligi. Ligi ilikuwa na michezo 30 kwa kila timu. Timu iliyoweza kumshinda bingwa ikashindwa kukusanya pointi za kutosha dhidi ya timu za kawaida ilianguka kwa makosa yaliyorudiwa wiki baada ya wiki. Aidha, vurugu zenyewe zilikuwa kosa la upande wa nyumbani: ziliondoa dakika zilizobaki, ambazo ndizo pekee zingeweza kuleta bao la kusawazisha. Kwa kipimo cha pili kilichotajwa katika utangulizi, waliolalamikia kunyimwa haki ndio waliojinyima nafasi ya mwisho ya kuitafuta.

4.0 Msimu wa 2016/17: Ubingwa Ulioamuliwa kwa Tofauti ya Mabao

Tukio lenye hoja nzito zaidi dhidi ya waamuzi katika ligi ya Tanzania kwa kipindi hiki ni mchezo wa watani wa jadi wa tarehe 1 Oktoba 2016. Amissi Tambwe aliifungia Yanga bao ambalo Simba ililalamikia kuwa lilitanguliwa na mpira kuguswa kwa mkono. Katika vurumai iliyofuata, nahodha wa Simba, Jonas Mkude, alioneshwa kadi nyekundu. Viti vya Uwanja wa Taifa viling'olewa. Simba, ikiwa na wachezaji kumi, ilisawazisha dakika za mwisho kwa kona ya Shiza Kichuya iliyoingia moja kwa moja. Baadaye kadi ya Mkude ilifutwa na mamlaka za soka, lakini sare ya 1-1 ilibaki kama ilivyokuwa.

Msimu ulimalizika Yanga na Simba zikiwa na pointi 68 kila moja, na Yanga ikawa bingwa kwa tofauti ya mabao. Hesabu ya upande wa Simba ni rahisi: kama bao la Tambwe lingekataliwa na la Kichuya likabaki, Simba ingekuwa na pointi 70 na Yanga 67. Kwa hesabu hiyo, uamuzi mmoja wa mwamuzi ulitosha kuhamisha ubingwa. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, na mtafiti anayesema kuwa makosa ya waamuzi husawazishana yenyewe mwishoni mwa msimu hana budi kuanza kwa kuijibu.

Jedwali hilohilo, hata hivyo, lina hesabu nyingine. Mwezi Novemba 2016, katika muda usiozidi wiki moja, Simba ilifungwa 1-0 na African Lyon na 2-1 na Tanzania Prisons. Mwezi Aprili 2017 ilifungwa 2-1 na Kagera Sugar. African Lyon ilishuka daraja mwishoni mwa msimu huo. Pointi moja tu kutoka katika mchezo wowote kati ya hiyo mitatu ingeifikisha Simba kwenye pointi 69 na kuipa ubingwa, bila kugusa chochote kilichotokea tarehe 1 Oktoba. Zaidi ya hayo, katika mchezo wa marudiano wa Februari 2017, Simba iliifunga Yanga 2-1 ikitokea nyuma na ikiwa pungufu kwa mchezaji mmoja. Hivyo katika michezo miwili ya watani, ule uliolalamikiwa ukiwemo, Simba ilipata pointi nne na Yanga moja. Ubingwa haukupotea mbele ya Yanga.

Hapa ndipo tofauti kati ya sababu ya kutosha na sababu pekee inapoonekana. Kosa la mwamuzi lilitosha, na kila kosa kati ya matatu ya Simba nalo lilitosha. Mwanahistoria hana msingi wa kulichagua moja na kuyaacha mengine kwa sababu tu moja lilionekana na watu wengi zaidi. Uongozi wa Simba wenyewe ulionesha kutambua uzito wa mchezo wa Kagera: ulidai pointi tatu mezani kwa hoja kwamba Kagera Sugar ilimtumia mchezaji mwenye kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72 ilizitoa pointi hizo, kisha zikarejeshwa Kagera katika ngazi nyingine ya TFF. Shauri hilo lilithibitisha kwamba pointi zilizohitajika zilikuwa Bukoba sawasawa na zilivyokuwa Dar es Salaam.

5.0 Arusha 2022 na San Pedro 2024: Michezo Isiyo na Mwamuzi wa Kulaumiwa

Ili kupima uzito wa makosa ya timu, inafaa kutazama pia michezo ambayo mwamuzi hakuwa kiini chake. Tarehe 2 Julai 2022, Coastal Union, iliyokuwa imerejea Ligi Kuu katika msimu wa 2018/19, ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Abdul Suleiman "Sopu" alifunga mabao matatu peke yake. Coastal iliongoza mara mbili, ya pili ikiwa katika dakika za nyongeza, na mara zote mbili ikashindwa kuulinda uongozi wake. Mchezo uliisha 3-3 na Yanga ikashinda 4-1 kwa penalti. Kombe lilikuwa mikononi mwa Tanga kwa dakika kadhaa, na lilitoka kwa njia ya ulinzi na mikwaju, siyo ya filimbi.

Tarehe 21 Januari 2024, mjini San Pedro nchini Côte d'Ivoire, Tanzania ilikutana na Zambia katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Simon Msuva alifunga mapema, na kabla ya mapumziko Zambia ikabaki na wachezaji kumi. Uamuzi mkubwa wa mwamuzi siku hiyo uliinufaisha Tanzania. Dakika ya 88 Patson Daka alisawazisha kwa kichwa. Kwa ushindi, Taifa Stars ingefikisha pointi nne baada ya sare na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuvuka kundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ilimaliza na pointi mbili. Mchezo huo ni kinyume cha ule wa Oktoba 2016: pale timu pungufu ilisawazisha licha ya mwamuzi, hapa timu kamili ilisawazishiwa licha ya kadi iliyompunguza mpinzani.

6.0 Pretoria 2024 na Suala la Ushahidi

Tukio linaloipinga zaidi hoja ya insha hii ni robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tarehe 5 Aprili 2024, katika Uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mtambaa wa panya na kudunda chini, na picha zilizosambaa ziliwaaminisha wengi kuwa mpira ulikuwa umevuka mstari. Bao halikukubaliwa, ingawa msaada wa video kwa waamuzi ulikuwepo. Michezo yote miwili iliisha bila bao, na Mamelodi Sundowns ikashinda 3-2 kwa penalti.

Tofauti na msimu wa 2016/17, hapa hapakuwa na Lyon wala Prisons: ilikuwa michezo miwili tu. Hata hivyo, Yanga ilikuwa na dakika 90 za Dar es Salaam bila kufunga, na katika mikwaju ilifunga miwili tu. Hukumu ya haki ni kwamba katika mtoano wenye bao moja au pasiwe na bao, kosa la mwamuzi hukaribia kuwa sababu pekee, kwa kuwa idadi ya nafasi ni ndogo. Kadiri michezo inavyokuwa michache, ndivyo filimbi moja inavyokuwa nzito. Historia ya dunia inaonesha mpaka huohuo: bao la Frank Lampard lililonyimwa Uingereza mwaka 2010 lilikuwa halali, lakini Ujerumani ilishinda 4-1; kosa lilithibitika, uamuzi wa mchezo haukuwa wake.

Pretoria inaeleza pia kwa nini mwamuzi hukumbukwa zaidi. Msikilizaji wa redio wa zamani aliupokea mchezo kwa sauti ya mtangazaji, na kosa likapita pamoja na sentensi. Mtazamaji wa kibanda umiza hurudishiwa picha ileile mara kumi. Kosa la mwamuzi lina sekunde yake na picha yake. Usajili mbovu, mazoezi hafifu na mishahara iliyochelewa havina marudio ya kuoneshwa, na kwa hiyo havina shahidi.

7.0 Hitimisho

Matukio yaliyochunguzwa yanaonesha kwamba kosa la mwamuzi huamua kwa nguvu zaidi katika mtoano mfupi na kwa nguvu kidogo zaidi katika ligi ndefu, ambako hukutana na makosa mengi ya timu yenye uzito ulio sawa nalo. Lawama zilizoelekezwa kwa mwamuzi peke yake zimekuwa na gharama. Mwaka 2016 zilivunja mchezo ambao Tanga bado iliweza kuusawazisha, na zikaziba macho ya wengi kuhusu michezo 30 iliyoziondoa Coastal Union, African Sports na Mgambo kwa pamoja. Kwa wapenzi wa soka wa Mpale, Korogwe na Handeni, hasara hiyo ilikuwa ya kweli: Mkwakwani ulikosa Ligi Kuu hadi Coastal iliporejea. Kumtafuta mchawi kulichukua nafasi ya uchunguzi uliopaswa kufanywa ndani ya klabu zenyewe.